Ekseli ya Krenki: Kujua Kinachocheza Kabla ya Kukaza

Baiskeli ikianza kugonga chini ya miguu, mara moja kwa kila mzunguko wa pedali, wengi hushika spana kubwa na kukaza kila bolti wanayoiona karibu na pedali. Pengine mlio huo hunyamaza kwa muda, kisha hurudi ukiwa mzito zaidi, na safari hii tundu la krenki (mkono unaobeba pedali) ya kushoto limekwisha kupanuka kiasi cha kutotengenezeka. Nguvu ilitumika ya kutosha, ila ilitumika pasipohitajika. Katikati ya fremu, mahali padogo panapoenea kwenye kiganja, pana viungo kadhaa vinavyoweza kulegea, kila kimoja kwa namna yake, na tiba ya kimoja huwa ni madhara kwa kingine. Anayetaka kufunga na kurekebisha sehemu hii vizuri aanze kwa kujua ni kiungo gani hasa kinachocheza.

Pale ambapo bomba la kiti, bomba la chini na mabomba mawili yanayoelekea gurudumu la nyuma hukutana, fremu ina bomba fupi lililolazwa kutoka upande hadi upande. Bomba hilo, ambalo humu nitaliita bomba la ekseli, hubeba ekseli inayozunguka juu ya beringi mbili, moja kila upande. Krenki mbili hufungwa kwenye ncha za ekseli, sproketi ya mbele hushikwa na krenki ya kulia, na pedali husokotwa kwenye ncha za krenki. Nguvu ya mguu hupita basi kutoka pedali hadi krenki, kutoka krenki hadi ekseli, kisha gololi za beringi, kikombe (kipande kinachozibeba na kusokotwa ndani ya bomba) na mwisho fremu, na katika kila mpito huo pana uwezekano wa kulegea.

Uchunguzi hauhitaji kifaa chochote. Toa cheni kwenye sproketi ya mbele na uiache ining'inie juu ya bomba la ekseli. Shika krenki ya kulia karibu na pedali, isukume kuelekea kwenye fremu kisha ivute kutoka kwenye fremu, bila kuizungusha, huku mkono wa pili ukiwa umeshika krenki ya kushoto kwa wepesi. Krenki zote mbili zikisogea kama kitu kimoja, ya kulia ikiingia na ya kushoto ikitoka, kinachocheza ni beringi au kikombe kilicholegea ndani ya fremu. Krenki moja ikisogea huku nyingine imetulia, krenki hiyo imelegea juu ya ekseli, na kugusa beringi kutakuwa ni kupoteza muda. Ili kutenganisha beringi na kikombe, weka ukucha kwenye mpaka mwembamba ambapo ukingo wa kikombe unakutana na fremu, kisha mtu mwingine atikise krenki. Ukucha ukihisi mpaka huo unafunguka na kufunga, hata kwa unene wa karatasi, kikombe ndicho kilicholegea. Mpaka huo ukiwa umetulia tuli ilhali krenki zinacheza, tatizo liko ndani, kwenye gololi.

Rudia jaribio hilo krenki zikiwa zimezungushwa robo, kwa sababu kulegea kwa krenki hujitokeza zaidi upande mmoja kuliko mwingine. Kisha zungusha krenki polepole kwa kidole kimoja, kiganja kikiwa kimelala juu ya bomba la kiti. Beringi nzima hupita kimya. Iliyoanza kuliwa hupeleka kwenye fremu mtetemo mdogo wa mchanga ambao kiganja huuhisi hata pale sikio lisiposikia lolote.

Inafaa pia kukumbuka kwamba si kila mlio unaosikika hapo unatoka hapo. Mabomba ya fremu hupitisha sauti kwa urahisi, na pedali kavu, bolti za sproketi zilizolegea au nguzo ya kiti isiyopakwa grisi huweza kumdanganya hata fundi mzoefu. Mlio ukikoma mpandaji anapoinuka kwenye kiti, atafute kwenye kiti kwanza. Ukikoma anapokanyaga kwa mguu mmoja tu, achunguze pedali ya mguu ule mwingine kabla ya kwenda ndani zaidi.

Kusoma fremu

Mtu aliyehakikisha kwamba ekseli inahitaji kufunguliwa au kubadilishwa anapaswa kujua thredi, yaani mifereji ya kusokotea, iliyokatwa ndani ya fremu yake, na hapa ndipo pesa nyingi hupotea bure. Thredi iliyoenea zaidi ni ile inayoitwa ya Kiingereza: kipenyo cha inchi 1.37, thredi 24 kwa kila inchi, na bomba la ekseli lenye upana wa milimita 68 au 73. Upande wa kulia, yaani upande wa cheni, thredi hii ni ya kushoto, ambayo hukaza kwa kuzungushwa kinyume cha mshale wa saa. Upande wa kushoto ni thredi ya kawaida, inayokaza kwa kufuata mshale wa saa. Thredi ya Kiitalia ina kipenyo cha milimita 36, thredi 24 kwa inchi na bomba la milimita 70, na pande zote mbili ni za kawaida. Fremu za zamani za Kifaransa zina kipenyo cha milimita 35 na hatua (umbali kati ya thredi moja na inayofuata) ya milimita 1, nazo pia ni za kawaida pande zote mbili. Za Uswisi zina vipimo hivyohivyo vya Kifaransa, ila thredi ya upande wa kulia ni ya kushoto kama ile ya Kiingereza.

Hatari kubwa zaidi iko kati ya Kiingereza na Kifaransa. Inchi 1.37 ni karibu milimita 34.8, na hatua ya thredi 24 kwa inchi ni milimita 1.058, kwa hiyo tofauti ya vikombe hivi viwili haionekani kwa macho. Upande wa kushoto, ambako zote ni za kawaida, kikombe cha aina moja kinaweza kuanza kuingia kwenye fremu ya aina nyingine kisha kikabana, na mtu asiyejua atadhani ni kutu akaongeza nguvu. Thredi ya fremu ikichanika, gharama yake hupita ya ekseli kwa mbali. Kikombe kinachofaa huingia kwa vidole hadi karibu na mwisho. Kikikataa baada ya mizunguko michache, kitoe, safisha, pima upya, na usikiguse kwa spana mpaka ujue sababu.

Katika fremu ya Kiingereza kuna njia rahisi ya kukumbuka mwelekeo bila kufikiria saa. Ukiwa umeshika spana ikielekea juu, pande zote mbili hukaza spana inapolazwa kuelekea gurudumu la nyuma, na hulegeza inapolazwa kuelekea gurudumu la mbele. Pedali huenda kinyume chake: pande zote mbili hukaza kuelekea mbele.

Kwa nini upande wa kulia upewe thredi ya kushoto? Wengi hudhani kwamba ekseli ikizunguka huburuta kikombe. Lakini ekseli, ikitazamwa kutoka kulia, huzunguka kwa kufuata mshale wa saa, na kama kikombe kingeburutwa tu, thredi ya kawaida ingejikaza yenyewe. Kinachotokea ni kitu kingine. Kikombe hakijazi kabisa tundu lake. Thredi daima huacha nafasi ndogo. Gololi zinapoviringika chini ya uzito wa mpandaji, mahali kikombe kinapobanwa dhidi ya fremu huhama pamoja nazo. Pitisha kalamu ndani ya pete iliyo pana kidogo kuliko kalamu yenyewe, ibane kwenye ukuta wa pete, kisha hamisha mahali inapogusana izunguke pete nzima: utaona kalamu inajiviringisha kuelekea upande wa kinyume. Kikombe nacho hutambaa hivyohivyo, kwa kiasi kidogo mno katika kila mzunguko, kinyume cha mwelekeo wa ekseli, na kwa maelfu ya mizunguko kikombe cha kulia chenye thredi ya kawaida hujifungua. Ndiyo maana kikombe cha kulia cha Kiitalia kina sifa ya kulegea kisipokazwa kwa nguvu kubwa. Kwenye pedali, krenki ndiyo inayozunguka huku uzito wa mguu ukielekea chini wakati wote, kwa hiyo mtambao huo hugeuka upande, na pedali ya kushoto ndiyo iliyopewa thredi ya kinyume.

Kufungua

Krenki za ekseli ya kichwa cha mraba hushikwa na bolti moja kila upande, ya spana ya pembe sita ya milimita 8 au ya soketi ya milimita 14. Bolti ikitoka, angalia ndani ya tundu ikiwa washa imebaki. Washa iliyosahauliwa huzuia pula, kifaa cha kung'olea krenki, isiingie hadi mwisho, na thredi za pula ndani ya krenki, ambazo ni milimita 22 kwa hatua ya milimita 1 na zimekatwa kwenye aluminiamu laini, huchanika kwa urahisi wa kusikitisha. Rudisha nyuma kiini cha pula kabisa, isokote pula kwa mkono mpaka ifike mwisho, ikaze kidogo kwa spana, kisha ndipo ukaze kiini dhidi ya ekseli. Krenki hung'oka kwa mlio mfupi mkavu, na baada ya hapo hutoka kwa mkono.

Ekseli ya vikombe na gololi hufunguliwa upande wa kushoto: kwanza loknati (nati inayokifunga kikombe kisizunguke), kisha kikombe cha kurekebishia, huku kitambaa kikiwa kimetandikwa chini ya baiskeli ili kupokea gololi. Kikombe cha kulia, kilichokazwa moja kwa moja, kiache mahali pake isipokuwa kama kimeliwa. Huweza kusafishwa na kukaguliwa kikiwa ndani ya fremu kwa msaada wa tochi.

Njia ambayo gololi hupita, ndani ya kikombe na juu ya koni ya ekseli, inapaswa kuonekana kama mstari wa kung'aa wenye upana ulio sawa. Mashimo madogo, hata moja tu linaloweza kunasa ncha ya kalamu, humaanisha kwamba sehemu hiyo imekwisha, na hakuna marekebisho yatakayoifanya izunguke kwa ulaini. Gololi zenyewe hazistahili kuhurumiwa: badilisha zote kwa pamoja, kwa kuwa gololi mpya iliyowekwa kati ya zilizopungua kipenyo hubeba mzigo wa wenzake mpaka ipasuke.

Kufunga na kurekebisha vikombe na gololi

Aina hii ya zamani ndiyo inayofundisha zaidi, na anayeielewa hatababaishwa na aina nyingine yoyote. Gololi zake huwa za robo ya inchi, yaani milimita 6.35, 11 kila upande zikiwekwa bila kishikizo. Zilizo ndani ya kishikizo cha bati huwa pungufu, mara nyingi 9. Napendelea zisizo na kishikizo, kwa kuwa gololi nyingi hugawana mzigo na hakuna bati la kuvunjika.

Safisha thredi za fremu hadi ziwe kavu, kisha zipake grisi. Kikombe cha kulia kama kilitolewa, kikaze kwa nguvu zote ambazo spana pana ya milimita 36 inaruhusu, maana hakitarekebishwa tena na kulegea kwake huharibu kila kitu. Paka ndani ya kila kikombe mkanda mnene wa grisi, panga gololi juu yake, na grisi itazishika zisianguke. Zikiwa 11 hubaki pengo dogo lisilotosha gololi ya 12. Usijaribu kulijaza.

Ekseli ina upande wake. Pima kutoka kwenye koni hadi ncha: mara nyingi upande mmoja ni mrefu kuliko mwingine, na ule mrefu ndio wa kulia, kwenye sproketi. Ikigeuzwa, sproketi itasugua fremu na krenki ya kushoto itakaa mbali. Kabla ya kuingiza ekseli, weka ndani ya bomba ile sili ya plastiki yenye umbo la bomba kama ipo. Kazi yake ni kuzuia maji na kutu vinavyoteremka ndani ya bomba la kiti visifike kwenye grisi, na kuiacha nje kwa sababu inaonekana kuwa kitu cha hivihivi ni kujipunguzia umri wa beringi.

Ingiza ekseli kutoka kushoto, isokote kidogo ili ikae juu ya gololi za kulia, kisha fuatisha kikombe cha kushoto kwa vidole mpaka kiguse. Sasa ndipo urekebishaji unapoanza, na hitilafu inayorudiwa na wengi ni kutafuta mahali sahihi kwa mara moja. Njia ya uhakika ni kuanza makusudi kwenye ulegevu. Rudisha kikombe nyuma kidogo ili ekseli icheze kwa namna inayohisika wazi, kishike kisizunguke, kaza loknati kabisa, kisha pima. Kipimo kinachofanywa loknati ikiwa imelegea hakina maana, kwa sababu loknati inapokazwa huvuta kikombe nje kwa kiasi cha nafasi iliyo kwenye thredi, na kikombe kisiposhikwa hukiburuta kizunguke pamoja nayo kuelekea ndani. Mambo hayo mawili hushindana, na hakuna anayeweza kukisia ni lipi litakaloshinda.

Weka alama ya kalamu kwenye kikombe na nyingine kwenye fremu zikielekeana. Funga krenki moja kwa muda, maana urefu wake hukuza mchezo mdogo ambao vidole peke yake haviwezi kuuhisi kwenye ncha ya ekseli. Ekseli ikiwa bado inacheza, legeza loknati, sogeza kikombe kwa kufuata mshale wa saa kiasi cha milimita 1 au 2 kwenye ukingo wake, kaza loknati tena, pima tena. Endelea hivyo, hatua ndogo kwa hatua ndogo, mpaka mchezo upotee. Mahali pa kwanza ambapo hausikiki ndipo pa kusimama. Hatua moja zaidi hubana gololi kwenye vikombe, na beringi iliyobanwa hufa kwa kujichimba ingawa mkononi inaonekana kuwa imara.

Zungusha ekseli mzunguko mzima polepole kabla ya kuridhika. Ekseli iliyopinda kidogo au vikombe ambavyo havikukaa sambamba vitakupa mahali pamoja panapobana na pengine panapocheza. Katika hali hiyo hakuna jibu kamili: rekebisha kwa kufuata pale panapobana, pawe laini, na ukubali mchezo mdogo upande wa pili mpaka sehemu zibadilishwe.

Ekseli za kisasa zilizofungiwa, ambazo beringi zake ziko ndani ya mwili mmoja pamoja na ekseli, zimeondoa kazi hiyo yote. Hapa hakuna cha kurekebisha. Mwili huingizwa kutoka upande mmoja, kikombe cha kushikilia huingia kutoka upande wa pili, na vyote hukazwa kwa kifaa chenye meno 20 hadi nyutoni mita (kipimo cha nguvu ya kukaza) 50 mpaka 70. Paka grisi kwenye thredi, anzisha pande zote mbili kwa mkono kabla ya kukaza upande wowote, na ikianza kucheza baada ya miaka ya kazi, inunuliwe nyingine.

Krenki juu ya ekseli

Kichwa cha mraba kina pande nne zinazopungua kuelekea nchani kwa nyuzi 2 kila upande. Krenki hushika kwa sababu bolti huisukuma juu ya mteremko huo mpaka chuma na aluminiamu vibanane. Bolti haibebi nguvu ya mguu. Inaweka mbano tu. Kwa krenki nyingi nguvu ya kukaza ni kati ya nyutoni mita 35 na 50, ambayo ni kubwa kuliko wengi wanavyodhani wanapotumia spana fupi. Spana ya kupimia nguvu inastahili gharama yake hapa kuliko mahali pengine popote kwenye baiskeli.

Mabishano kuhusu kupaka grisi kwenye mraba hayajaisha. Watengenezaji wengi huagiza sehemu hiyo iwe kavu, na mafundi wengi wazoefu hupaka utando mwembamba. Kwa maoni yangu usafi una uzito zaidi kuliko jambo hilo: chembe moja ya mchanga huizuia krenki isikae sawasawa. Anayepaka grisi afahamu kwamba krenki itapanda mbali zaidi kwa nguvu ileile, hivyo abaki kwenye kiwango cha chini. Thredi za bolti na uso wa washa lazima zipakwe kwa vyovyote vile, la sivyo nguvu ya spana itaishia kwenye msuguano.

Baada ya safari ya kwanza inafaa kurudi na spana ya kupimia kwa kiwango kilekile. Lakini tabia ya kuongeza kidogo kila wiki ni ya kuachwa, kwa kuwa krenki hupanda mteremko kila mara na hatimaye hupasuka kwenye kona ya tundu. Na krenki iliyoendeshwa ikiwa imelegea, hata kwa safari moja ndefu, tundu lake la mraba huviringwa na kingo ngumu za ekseli. Kipande cha bati la kopo kinachowekwa hapo kitaifikisha baiskeli nyumbani, na thamani yake inaishia hapo. Krenki hiyo haitashika tena.

Viwango vya mraba ni viwili, ISO na JIS cha Kijapani. Mteremko wao ni mmoja, ila ncha ya ISO ni nyembamba, kwa hiyo krenki ya JIS juu ya ekseli ya ISO huingia ndani zaidi kwa takriban milimita 4.5. Hiyo huweza kuifanya ncha ya ekseli ifike kwenye bolti kabla krenki haijabana: bolti inakaza vizuri mkononi, kumbe inakaza dhidi ya ekseli na krenki iko huru. Baada ya kukaza, toa bolti uangalie. Ncha ya ekseli lazima iwe imezama chini ya uso ambao washa inakalia.

Krenki za kotapini hufuata wazo hilohilo la mbano, ila mbano hutoka kwenye pini yenye bapa la mteremko inayopita pembeni mwa ekseli, mara nyingi ya kipenyo cha milimita 9.5. Pini mbili huingia kutoka pande zinazopingana. Zikiingia kutoka upande mmoja, krenki hazitanyooka mstari mmoja. Chini ya krenki pawe na kipande cha bomba au gogo linalofika sakafuni ili pigo la nyundo lisipitie kwenye gololi na kuchimba vikombe. Piga pini ikae kwanza, kisha kaza nati kwa kiasi. Wanaoivuta pini kwa nati huikata thredi, maana nati hiyo ndogo haikuumbwa kuvuta. Rudia pigo na nati baada ya safari ya kwanza. Pini isiyoingia vya kutosha hupunguzwa bapa lake kwa tupa, kwa uangalifu ili mteremko wake usibadilike.

Ekseli ya milimita 24 na zilizofuata

Katika mfumo uliokuja baadaye, ekseli pana na yenye uwazi ndani, ya kipenyo cha milimita 24, imeunganishwa na krenki ya kulia, na beringi hukaa ndani ya vikombe vilivyo nje ya bomba la fremu. Vikombe hukazwa hadi nyutoni mita 35 mpaka 50, kwa mwelekeo uleule wa thredi za Kiingereza. Kwa kuwa beringi zinaegemea nyuso za bomba, nyuso hizo lazima ziwe sambamba na zisizo na matone ya rangi. Kwa krenki za baiskeli za milimani, bomba la milimita 68 huhitaji pete za milimita 2.5 chini ya vikombe, mbili kulia na moja kushoto, na bomba la milimita 73 huhitaji moja kulia tu.

Krenki ya kulia hupitishwa mpaka iguse beringi, kwa nyundo ya mpira ikibidi. Krenki ya kushoto huvikwa ikiwa imeelekea kinyume chake kamili, kisha kifuniko cha plastiki husokotwa kwenye ncha ya ekseli. Kifuniko hicho ndicho kinachorekebisha mchezo, na nguvu yake ni kati ya nyutoni mita 0.7 na 1.5 tu, yaani nguvu ya vidole viwili au vitatu. Kikazwe mpaka mchezo wa pembeni uishe, kisha kiachwe. Panapo kijipini cha usalama kati ya bolti mbili za krenki, kisukumwe mpaka kiingie kwenye tundu lake juu ya ekseli; kisipoingia, krenki haijafika mahali pake. Mwisho bolti mbili za kubana hukazwa kwa zamu, kidogo huku na kidogo kule, hadi nyutoni mita 12 mpaka 14. Moja ikimalizwa kwanza, nyingine itaonyesha nguvu sahihi kwenye spana, kisha ya kwanza itakutwa imelegea.

Aina yoyote itakayofungwa, mstari wa cheni ukaguliwe kabla ya kufunga pedali. Hupimwa kutoka katikati ya bomba la kiti hadi katikati ya sproketi za mbele. Kwenye baiskeli za barabarani zenye sproketi mbili huwa milimita 43.5, na za milimani zenye tatu huwa 47.5 au 50. Kwenye ekseli za mraba mstari huo huamuliwa na urefu wa ekseli, hivyo mbadala wa ekseli uchaguliwe kwa urefu uliotajwa na mtengenezaji wa krenki. Kuangalia tu ekseli mbovu iliyotoka hakutoshi, kwani huenda nayo iliwekwa kimakosa.

Fremu zisizo na thredi, ambazo beringi husukumwa moja kwa moja ndani yake, hazirekebishwi kwenye kikombe, na kelele zake hutokana mara nyingi na tundu lisilo duara kamili au lisilo la kipimo. Beringi zake ziingizwe kwa kifaa cha kukandamiza kinachosukuma ukingo wa nje. Nyundo huziingiza zikiwa zimelala upande, na mgandamizo unaopita kwenye ukingo wa ndani huzichimba kabla hazijazunguka hata mara moja. Kelele isipokoma, vipo vikombe vinavyosokotwa kimoja ndani ya kingine katikati ya fremu, vikishikana vyenyewe badala ya kutegemea mbano wa tundu. Baadhi ya watengenezaji wamerudi kwenye thredi kabisa, kwa kipimo kipana cha T47, chenye kipenyo cha milimita 47 na hatua ya milimita 1, ambacho upande wake wa kulia hufunguliwa kwa kufuata mshale wa saa kama ule wa Kiingereza.